Kiti Nyuma ya Mwembe

Hotuba ya kufungua kongamano la wanafunzi wa uzamili na uzamivu kuhusu sosholojia ya michezo, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wa michezo mlioitikia wito wetu, na nyinyi vijana mliokuja na mada zenu mikobani. Baadhi yenu niliwaona jana bandarini Mkoani mkishuka botini, rangi zimewapotea. Bahari ya baina ya Unguja na Pemba haijali shahada ya mtu. Poleni, na karibuni.

Barua niliyoandikiwa inanitaka nizungumzie "hali ya taaluma". Hali ya taaluma mtaisoma maktaba, na wala haiendi mbio. Mimi nataka kukuelezeni habari ya kiti.

Nilikuwa na umri kama wenu, natafuta shahada ya uzamili. Nikaenda kwenye kiwanja kimoja upande wa Wete, kulikuwa na mechi ya ndondo, mpira wa mitaani usio wa ligi, baina ya vijiji viwili jirani. Nilibeba hojaji ya kurasa 11, nimeichapisha kwa pesa zangu mwenyewe. Nilitaka kujua kwa nini vijana wanacheza mpira. Mnacheka, na mimi siku hizi nalicheka swali lile. Wazee wa kiwanja walinipokea kwa heshima zote. "Mwanangu, jua kali hili," akasema mmoja wao, akamtuma kijana kiti. Kiti kikaletwa, kikawekwa nyuma ya mwembe. Sisemi chini ya mwembe, nasema nyuma, na shina lile watu wawili wakilikumbatia mikono yao haikutani. Nilipokaa sikuuona mpira hata mara moja. Nilisikia filimbi, nilisikia watu wakiguta, na kila walipoguta mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua kulikoni.

Kiti ulichopewa na wazee hukikatai. Nikakaa dakika 90, na mapumziko yake.

Sasa sikilizeni kilichokuwako nyuma ya mwembe. Kwanza ilikuwako kamati ya ufundi, na sote humu tunajua kuwa kamati ya ufundi haina habari na ufundi, kazi yake ni uganga. Walikuwa wazee wawili na kijana mmoja aliyekumbatia mfuko. Waliponiona wakanyamaza, kisha wakaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikawatajia. Mmoja akasema, "Aa, babu yako tulikuwa naye," wakaendelea na shughuli yao kama vile mimi ni jiwe. Mtu akiniuliza kibali cha utafiti wangu wa kwanza nilikipata wapi, nilikipata kwa babu, naye alikuwa keshakufa zamani.

Pembeni yao mweka hazina alikuwa akivutana kwa sauti ya chini na mamluki, mchezaji wa kuazimwa aliyeletwa kwa vespa kutoka Chake. Walipatana nauli na chakula. Sasa huyu bwana anataka na ya viatu. Ile pesa ya viatu ilitoka kwenye mchango wa kijiji, na mchango ule ulikuwa na daftari, na katika daftari lile kulikuwa na majina ya watu walioko Dar es Salaam na Maskati ambao kiwanja chenyewe hawajakiona miaka mingi. Nililipewa nilishike wakati wanavutana. Nilisoma kurasa mbili.

Halafu akapita mama mmoja na ndoo kichwani. Baadae akapita tena. Alipopita mara ya tatu nikamtazama vizuri: ndoo ni tupu, na bomba la kijiji liko upande mwengine kabisa. Kila akifika pale penye upenyo, baina ya mwembe na ukuta wa banda, mwendo unapungua, anachungulia, kisha huyo anakwenda zake. Mwanawe alikuwa golikipa. Siku ya tatu nikamfuata kwake na hojaji yangu. Swali la nne lilikuwa: unatazama mechi mara ngapi kwa mwezi? Akanijibu, "Mimi na mipira wapi na wapi, mwanangu. Sijapata kutazama." Nikaandika sifuri.

Ile sifuri imenikaa miaka yote hii. Bibi yule hakunidanganya. Kutazama mpira, kwa Kiswahili cha pale, ni kwenda kiwanjani ukasimama na watu. Yeye alikwenda maji. Aliyekosea ni mimi niliyekuja na neno "kutazama" kutoka darasani na kudhani lina maana moja kila penye mpira.

Nimezisoma mada zenu zote, usiku, umeme ukikatika na kurudi. Nyingi ni nzuri, na mbili zimenifanya nione wivu. Lakini wengi wenu mmekaa mbele ya televisheni. Mmeandika juu ya mashabiki wa timu za Uingereza, juu ya vibanda umiza, vile vya kulipia kutazama mpira kwenye televisheni, juu ya jezi za Arsenal. Siwalaumu, kibanda umiza ni mahali pa kweli, na mtu anayetoa pesa zake kukaa kwenye benchi la ubao saa nne za usiku akimtukana refa aliyeko London ana haki ya kufanyiwa utafiti. Ila angalieni msije mkawa na nyinyi mmekwenda kutazama mechi tu.

Mmoja wenu ameandika juu ya mkeka. Nilipoona kichwa cha mada nikafurahi, nikadhani ni ukili, ule wa minyaa iliyosukwa. Kumbe ni mkeka wa simu, ile orodha ya mechi za kubashiria pesa, ule unaochanika Jumamosi usiku. Nikavunjika moyo, kisha nikakaa kufikiri: kwa nini wakauita mkeka? Ukiutazama wenyewe, mechi juu ya mechi, ni kama ukili uliopangwa tayari kushonwa. Na ukikatika mmoja, kazi yote imeharibika. Tena katika mji huu ambao kila mtoto aliyepita chuoni anajua kuwa kamari ni haramu, kijana anaweza kusema mbele ya mama yake "mkeka wangu umechanika" na mama asigeuke. Neno limeazimwa kutoka mikononi mwa wanawake, likapewa kazi ya kuficha. Ndugu yangu uliyeandika mada ile, takwimu zako ziko sawa, lakini neno hili umelitumia mara nyingi bila kulisimamisha hata mara moja kulihoji. Nakuomba usiku huu ulirudie.

Walimu wetu wa taaluma hii hutufundisha kwa hadithi za wageni. Clifford Geertz, Mmarekani, alikwenda Bali na mkewe mwaka 1958. Kijijini watu waliwapita kama upepo, mpaka siku polisi walipovamia mapigano ya majogoo. Wanakijiji wakatimua mbio, na wao wakatimua, wakaingia ua wa mtu wasiyemjua. Kuanzia siku hiyo wakawa watu. Loïc Wacquant, Mfaransa, aliingia klabu ya ngumi Chicago mwaka 1988, katika mtaa wa watu weusi, akafanya mazoezi zaidi ya miaka mitatu, akapigwa vizuri, akapanda ulingoni kushindana. Ni hadithi tamu, nami nazifundisha kila mwaka. Lakini zote mbili zinahusu mtu anayetafuta mlango.

Mimi nitimue mbio na nani? Polisi wakija nikakimbia, kesho yake Chake nzima itasema mtoto wa fulani kakimbia, na mama atapigiwa simu kabla sijafika nyumbani. Sisi mlango tumeukuta wazi tangu kuzaliwa, na hiyo ndiyo shida yetu. Mgeni anaelezwa kila kitu kwa kuwa hajui. Sisi hatuelezwi. Nimeyasikiliza mahojiano yangu ya miaka mingi, na jibu linalojirudia kuliko yote ni "si unajua mwenyewe". Kwa nini timu ile haikupita mlango mkubwa wa kiwanja? Si unajua mwenyewe. Kwa nini yule mchezaji aliachwa? Aa, si unajua. Nami kwa ujinga wa ujana nilikuwa naitikia kwa kichwa, ndio najua, tunaendelea. Nikifika nyumbani nikasikiliza kanda, nakuta dakika kadhaa za watu wawili wanaojua kila kitu na hawakusema chochote.

Mtu akikwambia "si unajua", mwambie "sijui, nambie". Atakuona mpumbavu, au atakuona umeshasoma sana unajifanya si wa hapa. Vyote viwili vinauma. Vumilia.

Na huyo Wacquant, angekuja kwetu na glavu zake, asingepata pa kuzivaa. Ngumi zilipigwa marufuku Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na hazikurudi rasmi mpaka 2022. Miaka 58. Tuna maandishi, japo machache, ya michezo iliyochezwa. Nani ameandika juu ya mchezo ambao haukuchezwa? Waliokuwa wakiupenda walikwenda wapi, walivuka wakapigana Bara? Waliozaliwa ndani ya katazo walikua wakiamini nini juu ya ngumi? Mada hii imelala njiani, naye atakayeiokota naomba asichelewe, kwa sababu vijana wa 1964 sasa ni wazee wa miaka 80.

Kuna Norbert Elias pia, Mjerumani aliyefundisha Leicester, Uingereza. Yeye na Eric Dunning walisema kuwa michezo ya kisasa ilizaliwa pale jamii ilipojifunza kuzifunga ghadhabu zake kwa kanuni, na mfano wao mkubwa ni Uingereza. Sasa nendeni Makunduchi mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Watu wa pande mbili wanapigana kwa vigogo vya migomba mchana kweupe. Silaha ni laini, muda unajulikana, na ukimaliza kumpiga mwenzio nongwa za mwaka mzima zimekwisha, mnakwenda kula. Kanuni zipo zote, na hazikushuka na meli kutoka Uingereza. Natamani mmoja wenu akae na wazee wa Makunduchi miaka miwili, halafu amwandikie Elias barua. Amefariki 1990, lakini aandikiwe hivyo hivyo.

Ng'ombe wa hapa kwetu Pemba nitawapitia mbio, maana naona kuna mada ya mchana. Neno moja tu. Watalii huambiwa mchezo wa ng'ombe ni urithi wa Mreno, na habari inaishia hapo, utadhani Mreno aliyefukuzwa zaidi ya miaka 300 iliyopita ndiye anayekwenda kumshika ng'ombe kamba. Mwanzo wa kitu si maelezo ya kitu. Waulizeni waliokuwako uwanjani mwaka huu.

Hapa ndipo pananiweka macho usiku, kwa hiyo Mwenyekiti anisamehe nikizidisha dakika.

Zanzibar yenyewe, katika mpira wa dunia, imewekewa kiti nyuma ya mwembe. Kombe la Gossage lilianza 1926 baina ya Kenya na Uganda, likiitwa kwa jina la mtengenezaji sabuni. Zanzibar ikaingia 1949. Kwa hiyo tulikuwa na timu ya nchi kabla ya uhuru wa 1963, kabla ya Mapinduzi, kabla ya Muungano. Muungano ukaja, timu ikabaki. Mwaka 1995 Zanzibar ikachukua kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda. FIFA si wanachama. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, lilitupa uanachama mshiriki: klabu zetu zinaingia mashindano yake, timu ya taifa haingii. Mwaka 2006 tukaalikwa Hamburg, mashindano ya timu sita zilizokuwa nje ya FIFA, pamoja na Greenland, Tibet na Gibraltar. Tukafika fainali, tukafungwa kwa penalti na Saiprasi ya Kaskazini. Tafakarini mkutano ule: waliokosa viti wamekaa pamoja wakacheza, na wenyewe wakatoa kombe.

Halafu Machi 2017, Addis Ababa, Zanzibar ikapokewa kuwa mwanachama wa 55 wa CAF. Nakumbuka watu walivyopongezana njiani kama siku ya Idi. Julai ya mwaka huo huo uanachama ukafutwa. Hoja ikawa kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili. Miezi minne. Desemba ya mwaka huo huo vijana wetu wakaenda Kenya kwenye CECAFA, wakaifunga Tanzania Bara 2–1, wakaitoa Uganda, wakafika fainali Machakos na kuondoka kwa penalti.

Siku ya mechi na Bara nilikuwa karibu na baraza moja hapa Chake. Wanaume wale nawajua: huyu wa Yanga kufa, huyu wa Simba, na wote hao Taifa Stars, timu ya Tanzania, ikicheza huwa wanaivalia jezi. Filimbi ya mwisho ilipopigwa wakaruka wote. Kelele zilipotulia mzee mmoja akauliza, taratibu, "Sasa khasa tumemfunga nani?" Baraza zima likacheka, na hakuna aliyejibu. Mimi mada nzima ya uzamivu naiona ndani ya kicheko kile. Wanasheria watakueleza dola ni nini, wanasiasa watakueleza kila mmoja na lake. Lakini kijana yule anayebadilisha jezi kwa wiki wala hajioni mnafiki, yeye anatumia nadharia gani ya nchi? Januari 2025, timu yetu, Zanzibar Heroes, ilipoifunga Burkina Faso 2–1 pale uwanja wa Gombani katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, niliwatazama waliokuwa jukwaani zaidi kuliko waliokuwa uwanjani. Bado naandika.

Na mkiwa Pemba, upo na mwiba mwengine. Baada ya uchaguzi wa 1995, mpaka maridhiano ya 2009 na 2010, watu wa kisiwa hiki, kwa siasa za vyama, walisusiana maduka, harusi, hata maziko. Hayo yameandikwa. Mpira ulifanya nini miaka ile? Niliwahi kusimuliwa habari ya kijiji chenye kiwanja kimoja, ambako upande mmoja ulicheza siku zake na mwengine siku zake, na zile nguzo za goli, boriti za mikoko, kila upande ulikuja na zake na kuondoka nazo. Msimuliaji wangu aliisema kama kichekesho. Manahodha wa wakati ule wako hai, na tunawazika mmoja mmoja. Mwenye kinasa sauti na subira aanze na maswali ya mpira. Mengine yatakuja yenyewe, au hayatakuja, na usiyalazimishe.

Hapo naingia kwenye suala la majina. Mnaandika nyote mwishoni mwa mada zenu kuwa majina ya watafitiwa yamebadilishwa. Vizuri. Lakini kijiji kina golikipa mmoja. Ukamwita Ali, ukamwita Hamadi, ukamwita Mtafitiwa Namba 7, kijiji chote kinajua ni nani aliyesema mweka hazina anakula mchango. Fomu ya maadili uliyojaza imetungwa kwa ajili ya mji wa watu milioni kadhaa wasiojuana. Hapa mtu akikuamini, amekuamini pamoja na wanawe. Mimi nina daftari zima ambalo sitalichapisha, na sijutii hata ukurasa mmoja. Zile kurasa mbili za mchango ziko humo. Msimamizi wangu alikasirika.

La mwisho ni la wanawake, na sitalipamba. Siku hizi wasichana wanaocheza mpira wa miguu Zanzibar wana ligi yao, na kuna wanaowatafiti, wengi wakitoka nje. Lakini kuna nage. Mpira mdogo, kurusha na kukwepa na mbio, wamecheza bibi zetu na wanacheza watoto wa leo, uani, uwanja wa skuli, nyuma ya nyumba za harusi. Mimi mwenyewe nimeteguka kifundo cha mguu kwa nage, na hewa ikibadilika mpaka leo kinanikumbusha. Katika mada zote nilizozisoma usiku ule, nage haimo. Wala netiboli. Nyote mliandika "vijana na michezo", na ukurasa wa pili vijana wote wana ndevu.

Kwa hiyo nimefanya mpango mdogo ambao haumo kwenye ratiba. Mwenyekiti ndio kwanza anausikia. Leo saa kumi na nusu, uwanja wa skuli hapo nyuma, kina mama na wasichana wa mtaa huu wanacheza nage. Wamenambia upande mmoja umepungukiwa na wachezaji wawili. Wanafunzi wa kike mliokuja na viatu vya raba, mnahitajika, na matusi ya utani mtayazoea. Daftari liacheni mkobani. Wanafunzi wa kiume nanyi mmekaribishwa kwa heshima zote. Jua la Chake kali, nimeshawatafutieni viti. Viko nyuma ya mwembe.

Ahsanteni.